Saini ya Aliyebaki Nyumbani: Wanandoa Walio Mbalimbali na Ritani ya Kodi ya Marekani

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata, na kuchapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, kaya zenye mume au mke anayefanya kazi Marekani hupokea maombi yanayofanana. Mwenzi aliye huko huomba nakala ya pasi ya kusafiria, nakala ya cheti cha ndoa, na saini juu ya karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Aliyebaki nyumbani hutia saini kwa kuwa anamwamini mwenzake. Imani hiyo ni njema na ndiyo nguzo ya ndoa. Hata hivyo, saini ni jambo la sheria, na aliyeitia hubeba wajibu wake hata kama hakusoma alichosaini. Lengo la maelezo haya ni kumwezesha mkazi kujua anaombwa nini, kwa sababu gani, na kwa masharti yapi.

Ndoa haivunjwi na umbali

Nchini Marekani, anayewasilisha ritani ya kodi ya mapato hutakiwa kutaja hadhi yake ya kifamilia. Hadhi hiyo huamuliwa na hali ilivyo tarehe 31 Desemba ya mwaka wa kodi. Aliye na ndoa halali siku hiyo huhesabiwa kuwa na ndoa kwa mwaka mzima, hata kama mwenzi wake hajawahi kukanyaga ardhi ya Marekani. Kwa hiyo mfanyakazi aliyemwacha mke au mume Tanzania hawezi kujiandika kuwa hana ndoa kwa hoja kwamba anaishi peke yake. Ritani hutiwa saini chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na tamko hilo si la kweli.

Ndoa iliyofungwa nje ya Marekani hutambuliwa katika kodi ya serikali kuu ya nchi hiyo ikiwa uhusiano huo ungetambuliwa kuwa ndoa na angalau jimbo mojawapo la Marekani. Kwa upande wetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila. Jambo la muhimu ni kuwa na ushahidi. Ndoa isiyo na cheti huwaletea wanandoa usumbufu mkubwa siku inapohitajika kuthibitishwa mbele ya mamlaka ya kigeni.

Ukazi wa kodi si uraia

Swali la pili ni kama mfanyakazi mwenyewe ni mkazi kwa sheria ya kodi ya Marekani. Mwenye kadi ya kijani ni mkazi. Asiye nayo hupimwa kwa hesabu ya siku: awe amekuwapo nchini humo angalau siku 31 katika mwaka husika, na jumla ya siku 183 kwa miaka mitatu. Katika jumla hiyo, siku za mwaka husika huhesabiwa zote, za mwaka uliotangulia huhesabiwa theluthi moja, na za mwaka uliotangulia huo huhesabiwa sehemu moja ya sita. Mwanafunzi mwenye viza ya F au J kwa kawaida hahesabiwi siku zake kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo.

Asiye mkazi hutumia fomu 1040-NR. Mtanzania wa kundi hili hawezi kuwasilisha ritani ya pamoja na mwenzi wake ambaye naye si mkazi, wala hapati punguzo la kawaida wanalopewa wakazi. Ikiwa mwenzi aliye Marekani yumo katika kundi hili, aliyebaki nyumbani hana sababu ya kuombwa saini ya ritani ya pamoja, na ana haki ya kuuliza ombi hilo limetoka wapi.

Njia mbili, na ya tatu inayopotosha

Mfanyakazi aliye mkazi, na ambaye mwenzi wake yuko Tanzania, ana njia mbili kuu.

Ya kwanza ni ritani ya peke yake kama mtu mwenye ndoa. Hapa mapato ya mwenzi aliye nyumbani hayaguswi, na saini yake haihitajiki. Ikiwa mwenzi huyo hana namba ya utambulisho ya Marekani, mfanyakazi huandika herufi NRA mahali pa namba hiyo. Gharama yake ni punguzo dogo zaidi na kukosa baadhi ya nafuu, zikiwemo nafuu za gharama za masomo.

Ya pili ni ritani ya pamoja. Ili kuitumia, wanandoa wote wawili hutia saini tamko la kuchagua kwamba mwenzi asiye mkazi ahesabiwe kuwa mkazi kwa mwaka mzima. Tamko hilo huambatishwa kwenye ritani ya mwaka wa kwanza. Uchaguzi huu ni wa mambo ya kodi tu. Haumpi aliyebaki nyumbani viza, wala haki ya kuishi au kufanya kazi Marekani.

Iko njia nyingine inayowapotosha wengi, nayo ni hadhi ya mkuu wa kaya. Kwa Kiswahili chetu, mkuu wa kaya ni yule anayeitunza familia, naye hubaki mkuu wa kaya hata akiwa safarini. Sheria ya kodi ya Marekani haina maana hiyo. Mwenye mwenzi asiye mkazi anaweza kufikiriwa kwa hadhi hiyo, lakini ni lazima awe na mtegemezi mwingine anayestahili, kwa kawaida mtoto aliyeishi naye nyumba moja kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na awe amelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba hiyo. Mke au mume aliye Tanzania hahesabiwi kuwa mtegemezi huyo. Vivyo hivyo, mtoto au mzazi anayeishi hapa, ambaye si raia wala mkazi wa Marekani, hahesabiwi kuwa mtegemezi hata kama ada na matibabu yake yote hulipwa kwa fedha zinazotumwa kutoka huko.

Hesabu kwa mfano

Chukuliwe mfano wa muuguzi mwenye mshahara wa dola 60,000 kwa mwaka 2024, aliye mkazi kwa sheria ya kodi, na mumewe mwenye duka katika kata hii.

Muuguzi akiwasilisha peke yake, punguzo la kawaida la mwaka huo ni dola 14,600. Kiasi kinachotozwa kodi ni dola 45,400, na kodi yake ni dola 5,216.

Wakiwasilisha pamoja, punguzo ni dola 29,200. Ikiwa faida ya duka ni sawa na dola 3,000, jumla ya mapato ni dola 63,000, kiasi kinachotozwa ni dola 33,800, na kodi ni dola 3,592. Familia imeokoa dola 1,624.

Sasa faida ya duka iwe dola 45,000. Jumla inakuwa dola 105,000, kiasi kinachotozwa ni dola 75,800, na kodi inapanda hadi dola 8,632, kabla ya kuondoa nafuu ya kodi iliyolipwa Tanzania. Saini ileile iliyoleta akiba sasa inaweza kuleta deni.

Uzito wa saini

Kwa sababu hiyo, aliyebaki nyumbani azingatie mambo manne kabla ya kushika kalamu.

Kwanza, kwa ritani ya pamoja mapato yake yote hutakiwa kutajwa: duka, kodi ya pango, mshahara, mazao yaliyouzwa, riba ya benki. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutoza kodi mara mbili. Ipo nafuu kwa kodi ya mapato iliyokwisha kulipwa hapa, lakini nafuu hiyo huombwa kwa ushahidi. Risiti na hati za malipo za TRA zitunzwe vizuri.

Pili, wajibu ni wa wote wawili. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inaweza kudai kodi yote, pamoja na riba na adhabu, kwa yeyote kati yao, hata kama kosa lilifanywa na mmoja, na hata baada ya talaka. Sheria inaruhusu mwenzi asiyehusika na kosa kuomba nafuu, lakini haitolewi bila maombi na ushahidi.

Tatu, ritani ya pamoja haigeuzwi kuwa ya peke yake baada ya tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni 15 Aprili. Kinyume chake kinawezekana: waliowasilisha mbalimbali wanaweza kurekebisha na kuwasilisha pamoja ndani ya miaka mitatu tangu tarehe hiyo. Asiye na uhakika hapotezi haki kwa kusubiri.

Nne, uchaguzi huo huendelea mwaka hadi mwaka mpaka usitishwe. Ukishasitishwa, wanandoa hao hawawezi kuuchagua tena.

Hati zinazohitajika

Ritani ya pamoja humtaka mwenzi awe na namba. Asiyestahili namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani huomba namba ya ITIN kwa fomu W-7, inayoambatishwa kwenye ritani. Namba hii si TIN ya TRA, na moja haitumiki mahali pa nyingine.

Hapa ndipo wakazi wengi hupoteza muda na fedha. Nakala ya pasi iliyogongwa muhuri wa wakili, wa hakimu au wa ofisi ya kata haikubaliwi na IRS kwa maombi haya. Hutakiwa pasi halisi, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa, ambayo kwa Tanzania ni Idara ya Uhamiaji. Njia nyingine ni kupitia wakala aliyeidhinishwa na IRS kuthibitisha hati. Maombi yanayotumwa kutoka nje ya Marekani huweza kuchukua wiki 9 hadi 11. Hivyo asiyetaka kukaa bila pasi yake muda huo asiitume.

Kwa masuala ya cheti cha ndoa, wakazi wafike ofisi ya Mkuu wa Wilaya au RITA. Kwa uthibitisho wa kodi iliyolipwa, wafike TRA. Ofisi ya kata hutoa barua ya utambulisho. Haijazi ritani za nchi nyingine wala kushauri njia ipi ichaguliwe. Ushauri huo utolewe na mtaalamu wa kodi ya Marekani, na wanandoa wote wawili wausikie.

Ndugu wananchi, mwenzi aliye ughaibuni anapoomba saini, si utovu wa adabu kumwomba kwanza nakala ya ritani yote, maelezo yake kwa Kiswahili, na siku chache za kuisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa saini isiyo na nakala. Kila anayetia saini abaki na nakala ya alichosaini, na aihifadhi pamoja na cheti chake cha ndoa.