Takataka Zetu na Jirani Yetu

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Kum 30:10-14, Kol 1:15-20, Lk 10:25-37



Mwanasheria wa Injili ya leo anaijua amri. Anajua kwamba yatupasa kumpenda Mungu kwa moyo wote, na jirani kama nafsi zetu. Lakini anaongeza swali: jirani yake ni nani? Hilo ni swali la mtu anayetafuta mpaka. Anataka kuonyeshwa mahali wajibu wake unapokoma. Yesu hamchorei mpaka. Anamsimulia habari za majeruhi aliyelala njiani, na za watu wawili wa dini waliopita upande wa pili.

Leo tuipeleke Injili hii mitaani mwetu, penye mitaro iliyoziba, vyumba vya kupanga vilivyobanana na majalala yanayofuka moshi. Jiji la Dar es Salaam linatupatia habari ya kweli ya kutafakari.

Kwa miaka mingi takataka za jiji hilo zilimwagwa Tabata, karibu na nyumba za watu. Wakazi waliteseka kwa moshi na uvundo. Hawakuishia kunung'unika vibarazani. Waliungana, na mwaka 1988 wakaishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa, ikaomba tena. Hatimaye mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza muda zaidi. Alikumbusha kwamba Katiba inalinda haki ya kuishi, na kwamba mamlaka ya umma haiwezi kuwachafulia watu hewa kisha ikasema inafanya hivyo kwa faida ya umma.

Ndugu wapendwa, tunawasifu wakazi wale kwa umoja na uvumilivu wao. Lakini tujiulize: takataka zilikwenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, kaskazini mwa jiji. Huko nako wakazi zaidi ya 700 wakaenda mahakamani mwaka uleule wa 1991, nao wakapata haki yao. Basi takataka zikahamia Vingunguti, kando ya Mto Msimbazi, si mbali na kule Tabata zilikotoka. Baada ya miaka zikapelekwa Pugu Kinyamwezi.

Wakazi wa Tabata na wa Kunduchi hawakukosa kudai haki yao. Wajibu wa kutafuta mahali pasipodhuru watu ulikuwa wa wenye mamlaka. Hata hivyo habari hii inatufundisha sisi sote. Mzigo ukiondolewa tu mlangoni pangu na kutuliwa mlangoni pa mwingine, majeruhi bado yuko njiani; amebadilika jina tu. Nasi tutakuwa tumepita upande wa pili.

Jambo hili halihusu halmashauri peke yake. Mvua kubwa inaponyesha, wako miongoni mwetu wanaotapisha vyoo, wakijua vema kwamba maji yatawaingilia walio bondeni. Wako wanaojenga juu ya mtaro, na wenye nyumba wanaopokea kodi ya miezi mingi kwa pamoja huku wapangaji wakikosa choo kinachofaa. Jumapili tunasali katika kanisa moja, tunapeana mkono wa amani. Je, mkono huo una maana gani ikiwa jana usiku tulimpelekea ndugu yetu uchafu chumbani mwake?

Tumtazame Msamaria. Alifunga majeraha kwa mikono yake. Kisha akamshirikisha mwenye nyumba ya wageni, akatoa denari mbili, akaahidi kurudi. Upendo wake ulikuwa na kazi, na mshiriki, na fedha, na ufuatiliaji. Hivyo ndivyo mtaa unavyopaswa kuungana.

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji. Jumuiya hizo hukutana nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo zinaujua mtaa, shimo lililo wazi na mgonjwa aliyelala penye unyevu. Makatekista wapendwa, baada ya kushiriki Neno, waulizeni wanajumuiya: ni nani hapa kwetu amelala njiani? Kisha twendeni kwenye mkutano wa mtaa, pamoja na ndugu zetu Waislamu na wote wenye mapenzi mema, maana mafuriko hayaulizi dini. Tuzibue mitaro kwa mikono yetu. Tuwadai viongozi, kwa heshima na bila kuchoka, yale yanayopita nguvu zetu. Na kabla ya kukubaliana, tuwaite walio bondeni tuwasikilize: maji haya yataishia wapi, na takataka hizi zitamwangukia nani?

Somo la kwanza linatuambia kwamba amri ya Mungu haiko mbali, wala haiko ng'ambo ya bahari. Iko karibu nasi, kinywani na moyoni. Naam, iko hata pale maji ya uani petu yanapovuka kwenda kwa jirani.

Mungu Baba atujalie macho ya kumwona jirani huyo, na miguu isiyopita upande wa pili. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.