Dawa ya Kikohozi ya Usiku

Dawa ya kikohozi inywewayo usiku mara nyingi huwa na kitu kiletacho usingizi. Basi aliyekunywa pombe asiiguse, kwani viwili hivyo vikikutana huweza kudhoofisha pumzi hata mtu asiamke. Ipimwe kwa kikombe chake, si kwa kijiko cha chai. Ikiwa ina parasetamoli, tusiongeze vidonge vya parasetamoli juu yake, maana kuzidisha huharibu ini. Watoto wasipewe dawa ya watu wazima. Na kikohozi kikifika majuma 2, tusikibembeleze kwa usingizi. Twende zahanati tukapimwe kifua kikuu, ambacho hupona kikitibiwa mapema.