Kuchagua Sabufa Ndogo ya Nyumbani

Wanafunzi wetu wa darasa la jioni, fungueni madaftari, mshike kalamu. Somo la leo ni juu ya chombo ambacho wengi mnakijua kwa mshindo wake, nacho ni sabufa. Tutajifunza namna ya kukipima kabla hujatoa fedha yako.

Tuseme unakaa Majengo, hapa Moshi. Una chumba kimoja, na ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Umeweka akiba miezi mingi ili watu wa nyumbani watazame sinema kwa sauti nzuri. Unakwenda mjini, na muuzaji anakuonyesha sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa: WATI 10,000. Je, utanunua? Ngoja kwanza.

Sabufa ni nini? Ni spika ya sauti nzito iliyo ndani ya kasha, pamoja na mashine yake ya kukuza sauti. Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio zima la kijana husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde moja. Spika ndogo za televisheni hazina nguvu ya kusukuma hewa kwa sauti nzito, kama ngurumo ya radi au ngoma kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya sabufa. Maneno ya watu si kazi yake.

Sasa geuza chombo, usome nyuma. Asiyejua kusoma hununua picha ya sanduku. Wewe unajua, basi tumia elimu yako. Tafuta alama tatu: V, Hz na W. V ni volti, Hz ni mitetemo kwa sekunde, W ni wati. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na mitetemo 50. Kisha tazama chombo hula wati ngapi. Huenda ukakuta 60 tu!

Tufanye hesabu. Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 230, utapata 2,990. Basi soketi yako haiwezi kutoa wati 10,000. Na chombo hakiwezi kuendelea kutoa nguvu nyingi kuliko ile inachokula. Ukiona herufi PMPO kando ya tarakimu kubwa, jua ya kwamba ni hesabu ya kufumba na kufumbua, wala haina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Usilipie tarakimu hiyo.

Lakini wati 60 si aibu. Chumba kidogo hakihitaji nyingi. Tena chombo kikila wati 60 kwa saa 10, kimekula wati 600 za saa, yaani chini ya uniti moja ya LUKU, ambayo ni 1,000.

Baada ya kusoma, sikiliza. Gonga kasha kwa vidole. Likilia kama debe, litalia hivyo hata nyumbani. Omba upigiwe wimbo unaoujua vizuri, wenye gitaa la besi. Fuata nyuzi zake: je, kila sauti yasikika peke yake, au zote ni mvumo mmoja? Ongeza sauti polepole. Ikianza kukwaruza, hapo ndipo mwisho wake. Kisha omba taarifa ya habari. Msomaji akisikika kama anasema ndani ya pipa, sabufa imeingilia kazi isiyo yake. Baadhi zina kitufe cha kugawa sauti. Kianzie karibu na 80, ujaribu tena. Kabla ya kulipa, uliza habari ya kurudisha chombo, na udai risiti.

Umefika nyumbani. Utaiweka wapi? Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani hupita mita 8. Ni refu kuliko chumba chako! Kwa hiyo mahali pengine sauti hujaa, pengine hupotea. Pembeni mwa chumba huongezeka sana. Fanya hivi: iweke sabufa pale unapokaa, piga wimbo, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama. Pale unaposikia sauti nzito iliyo sawa, ndipo pa kuiweka.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Sauti nzito hupita ukutani kuliko maneno. Upande wa pili huenda yuko mama mwenye mtoto mchanga, au mlinzi wa usiku alalaye mchana. Toka nje, bisha hodi, useme, "Samahani, jirani, naomba nisikilize kutoka kwako." Kisha rudi upunguze. Sabufa njema ni ile ambayo hata ikipigwa taratibu bado unasikia besi yake. Ile isiyopendeza mpaka ipigwe kwa nguvu itakuletea ugomvi, na jirani ndiye atakayekuamsha nyumba yako ikishika moto.

Andikeni majibu daftarini:

1. Alama V, Hz na W maana yake nini?
2. Kwa nini soketi ya ampea 13 haiwezi kutoa wati 10,000?
3. Geuza redio au televisheni ya nyumbani, uandike wati zake.

Kwaherini, na msome vizuri.