Mwendo wa Bibi Zetu na Wajibu wa Jumuiya



Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Katika kigango kimoja tulichowahi kukihudumia, bibi mmoja mjane aliacha kuhudhuria jumuiya, nasi tukasema amepoa katika imani. Hatukukumbuka kwamba kwa miezi mingi alikuwa akifika wa mwisho, akishikilia ukuta. Na kwamba ukimsalimu njiani, husimama kwanza ndipo akujibu. Tulidhani ni adabu. Usiku mmoja alianguka akienda msalani, akavunjika nyonga, wala hakutembea tena.

Kule kusimama kulikuwa na maana. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza katika jarida la Lancet kwamba wazee wanaosimama ili waweze kuzungumza huelekea kuanguka zaidi kuliko wanaozungumza huku wakitembea. Kutembea, ambako kwa kijana hakuhitaji fikra, kwa bibi huyo kulikuwa kazi iliyotaka akili yake yote. Wataalamu wa Ulaya nao huhesabu kuwa mzee atumiaye sekunde 5 au zaidi kwenda mita 4, kwa mwendo wake wa kawaida, ana dalili ya udhaifu wa mwili. Kamba na saa ya mkononi vyatosha kupima. (Lakini tusimpime mtu mbele ya wajukuu wake kana kwamba ni mashindano!)

Akina mama wana hatari zaidi, kwa kuwa hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua. Tena wengi huishi kuliko waume zao, wakabaki peke yao.

Basi tujifunze kuusoma mwendo. Anayeinuka kitini kwa kusukuma kwa mikono atapata taabu kuchuchumaa chooni. Anayegeuka kwa hatua nyingi ndogo asiachiwe kubeba ndoo kichwani. Anayeburuta miguu, hata jiwe dogo mlangoni ni adui yake. Naye ambaye mwendo wake umebadilika ghafula, hasa mguu mmoja ukilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni kiharusi. Wakati mwingine sababu ni macho yenye mtoto wa jicho, au dawa zinazoleta kizunguzungu. Hayo yana tiba, wala si “uzee tu”.

Hapa ndipo linapokuja suala la haki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kuitazama familia kama msingi wa matunzo yake. Lakini familia, katika nyumba nyingi tunazozijua, maana yake ni mjukuu mmoja wa kike aliyeachishwa shule, huku wajomba zake wakituma salamu kutoka mjini. Hatuwezi kumlipa bibi haki yake kwa kumnyang’anya mtoto ya kwake.

Kwa hiyo tunaomba kila jumuiya, kabla ya mkutano ujao, imtembelee bibi aliyeacha kuja. Kwanza aulizwe yeye mwenyewe anataka nini. Kisha wanaume wapigilie nguzo ya kushikia njia ya chooni, ipangwe zamu ya maji, vijana wa kiume wakiwamo, na sala ya jumuiya ihamie nyumbani kwake.