Mgonjwa Asiyeonekana Mgonjwa



Maustadhi wetu, wazazi na vijana wenzangu. Kila Ramadhani hakosekani msichana wa kuonekana akinywa maji mchana, na maneno huanza: "Mbona mzima tu?" Wengine husema karogwa, wengine ati ni dhambi za mamake. Leo nataka tuzungumze juu ya maradhi ya lupasi.

Kinga ya mwili ni kama askari wa zamu. Kazi yake ni kupigana na adui, kama vile virusi. Kwa mwenye lupasi, askari humgeukia mwenye nyumba. Hushambulia ngozi, viungo, hata figo. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa bado vijana.

Kwa nini? Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Profesa Carola Vinuesa walitoa jibu moja. Walichunguza jeni za msichana wa Uhispania aliyepatikana na lupasi akiwa na miaka 7. Wakakuta herufi moja tu imebadilika katika jeni iitwayo TLR7. Jeni hii humfanya askari atambue virusi. Yake ilikuwa kali mno, ikauona mwili wenyewe kuwa adui. Badiliko lilo hilo walipolitia kwa panya, nao wakaugua vivyo hivyo. Tena TLR7 iko kwenye kromosomu ya X, ambayo wanawake wanazo mbili na wanaume moja.

Lakini tusikosee. Wagonjwa wengi hawana badiliko hilo. Wao wana jeni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, kisha huongezeka mambo kama jua na homoni. Hata mapacha wa kufanana, mmoja aweza kuugua na mwenziwe asiugue.

Sasa jamani, mtu alaumiwe kwa herufi aliyozaliwa nayo? Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Sisi ni nani tumnyang'anye?

Dada mwenye lupasi, kabla ya kufunga muulize daktari wako, na mambo ya kulipa au fidya muulize sheikh. Usiache dawa kwa kuogopa midomo ya watu. Na sisi wengine, tunapofunga matumbo, tufunge na ndimi.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.