Filamu Yenu Ionyeshwe Kijijini Kwanza

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wa diploma ya kazi za jamii, kabla ya kwenda vijijini kutengeneza filamu fupi kwa vikundi.)

Mwalimu wenu ameniambia kwamba kila kikundi kina watu sita, filamu isizidi dakika 10, na kazi yote ni ya wiki tatu. Aliniomba niwaeleze mambo ya kamera. Ya kamera nitayasema, lakini si mengi, maana simu mnazijua kuliko mimi. Nimekuja hasa kuzungumza juu ya yule mama atakayekaa mbele ya kamera. Nyinyi mtapata maksi na kuondoka. Yeye atabaki palepale.

Miaka michache iliyopita wanafunzi wa chuo kimoja walikuja katika eneo ninalofanyia kazi. Walikuwa na adabu: walisalimu wazee, wakapita kwa naibu wa chifu, wakaeleza shida yao. Wakamhoji mjane mmoja juu ya kilimo cha mboga. Mama akachangamka, na mazungumzo yakinoga mtu hasemi mboga tu. Akataja shamba, akataja na shemeji yake aliyesogeza mpaka. Vijana wakaona hapo ndipo penye utamu, basi walipohariri wakatoa mboga wakabakiza shemeji. Filamu ikaonyeshwa chuoni siku ya wazazi, halafu mmoja wao akaituma kwa simu. Wiki mbili hazikuisha ikawa imefika kijijini, na kati ya watu wa kwanza kuiona alikuwa mtoto wa huyo shemeji. Maneno yale ya mpaka yalikuwa mbele ya wazee, na upatanisho ulikuwa karibu. Ukavunjika. Nilikaa na yule mama jioni nyingi. Swali lake lilikuwa moja: "Kwani hawa watoto hawangenionyesha kwanza?"

Wako watu waliolijibu swali hilo zamani. Huko Kanada, pwani ya Newfoundland, kuna kisiwa cha wavuvi kinachoitwa Fogo. Miaka ya 1960 serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa vijiji vidogo vya mbali, na wengi wa Fogo hawakutaka kuhama. Shida yao ni kwamba vijiji vya kisiwa vilikuwa havisikilizani, hata madhehebu yaliwatenganisha. Mwaka 1967 Colin Low, mtengenezaji wa filamu katika shirika la filamu la taifa lao, alifika huko akishirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial. Akawarekodi watu wakizungumza, zikatoka filamu fupi 27. Sasa sikilizeni utaratibu wao. Aliyerekodiwa aliiona filamu kabla haijatoka nje, na alikuwa na haki ya kusema: hapa ondoeni. Kisha ilizungushwa kutoka kijiji hadi kijiji, na watu ambao hawakuwa wakikaa mkutano mmoja wakasikia taabu yao wenyewe ikitoka kinywani mwa jirani. Hatimaye, kwa ruhusa yao, wakubwa wa serikali wakaonyeshwa, na majibu yao yakarekodiwa na kurudishwa kisiwani. Wavuvi wakaunda ushirika wao, na kisiwa hakikuhamwa. Siwaambii kwamba filamu peke yake ilifanya hayo, kwa maana kamati ya wenyeji ilikuwa imeshaanza kujipanga. Lakini ilisaidia, na hakuna aliyeaibishwa ili isaidie.

Hapa kwetu tunaye Kisilu Musya, mkulima wa Kitui. Julia Dahr, mtengenezaji wa filamu kutoka Norway, alimpa kamera, naye Kisilu akarekodi maisha ya nyumba yake mwenyewe, ukame na dhoruba. Filamu ikatoka mwaka 2017 kwa jina Thank You for the Rain. Itafuteni. Mtaona kwamba mwenye nyumba akishika kamera anafika mahali ambapo mgeni hangekaribishwa. Kwa hiyo msiogope kumwachia mama simu nusu saa akarekodi jiko lake mwenyewe.

Haya, kamera. Sauti ni kubwa kuliko picha. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia ataondoka. Msihoji chini ya mabati mvua ikinyesha, wala karibu na kinu cha unga. Nunueni hata maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, na upepo ukiwa mkali geuzeni mgongo wenu uukinge. Simu ya kurekodia izimwe mtandao, isije ikalia mama akiwa katikati ya maneno ya maana. Ilazeni, msiisimamishe. Jua lisiwe nyuma ya anayesema, mtapata kivuli chenye sauti. Na maswali yenu yatakatwa, kwa hiyo mwombeni ajibu kwa sentensi kamili, asiseme "ndiyo" tu. Rekodini pia mikono yake ikifanya kazi, mlango, njia ya mtoni, kila kitu sekunde 10 au zaidi bila kutikisa. Bila picha hizo mtakapokata maneno hamtakuwa na cha kufunikia. Kabla ya kuhariri, sikilizeni yote mliyorekodi mkiandika dakika kwa dakika nani amesema nini. Inachosha, lakini ni hapo ndipo mtakapomwona shemeji mapema.

Ruhusa si mara moja. Ya kwanza ni ya kurekodi, ya pili ni baada ya kuona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha na sauti ya mtu kuwa data yake binafsi kama inaweza kumtambulisha, na mtoto lazima mzazi au mlezi akubali. Fomu ni nzuri, lakini fomu ya Kiingereza kwa mama asiyesoma Kiingereza ni karatasi tu. Mwelezeni kwa lugha yake filamu itafika wapi: darasani, au mpaka kwenye simu za watu? Ni mambo mawili tofauti, na anaweza kukubali moja akakataa jingine.

Nimeona pia kwamba katika vikundi mwenye kompyuta ndiye anayekuwa chifu, na wasichana ndio wanaotumwa kuchota maji ya chai. Mwalimu, hilo uliangalie. Anayeshika maikrofoni wiki hii ashike kamera wiki ijayo.

Mmeniuliza kama mtu anayehojiwa alipwe. Kwa maneno, hapana, maana maneno yaliyonunuliwa hufuata mnunuzi. Lakini mama wa sokoni akiacha meza yake saa mbili kwa ajili yenu, mmoja wenu akae pale amuuzie nyanya zake, na pesa zihesabiwe mbele yake.

Kwa hiyo wiki tatu zenu zigawanyeni upya. Siku ya kuonyesha kijijini iwekwe sasa hivi kwenye ratiba, kabla ya siku ya kumkabidhi mwalimu, na mbakize siku tatu katikati za kukata alichokataa. Projekta ipo ofisini kwetu, na shuka jeupe mtaazima kwa akina mama. Umeme wa pale hauaminiki, kwa hiyo kila kikundi kiniambie leo kabla ya chakula kama kitahitaji jenereta, maana ni moja tu.