Msafiri wa Makka na Sindano

Watu wa Malindi na Kilifi wamezoea habari za safari. Hata hivyo, aendaye kuhiji huuliza sana juu ya ndege, joto na wezi. Sindano huiona kuwa ni udhia wa makarani tu.

Basi na aijue sababu yake. Homa ya uti wa mgongo huambukizwa kwa mate na makohozi ya mtu aliye karibu, na Makka siku za Hija watu hubanana mno. Mwaka 1987 ilizuka huko, mahujaji wakarudi nayo makwao. Mwaka 1989 kijidudu cha ukoo ule ule kiliwashambulia watu wa Nairobi, ambao wengi wao hawakusafiri kokote. Mwaka 2000 na 2001 ilizuka tena, kwa kijidudu cha namna nyingine.

Ndiyo maana Serikali ya Saudia humtaka kila haji achanjwe kwa dawa ya kuzuia namna 4 za kijidudu hicho, zisipungue siku 10 kabla ya kufika, kwani mwili hauwezi kujenga kinga kwa usiku mmoja. Na aliyehiji zamani akitazame cheti chake: chanjo ya homa ya manjano hukubaliwa maisha yote, bali hii sivyo.